Hesabu ya Mafarkadi

Rayya kaniletea ramani kwenye simu kutoka Portsmouth:
Uingereza nzima, kijivu kama maji ya kuoshea mchele,
na chini kabisa, ukingoni, kitone kimoja chekundu.
"Sisi hao," kaandika. "Farkadi. Watu kumi na mmoja.
Mwaka 1881, hakuna. Mwaka 1951, hakuna.
Jina letu adimu kuliko la lodi yeyote.
Kazini wananiuliza kama ni la Kitaliano."

Kumi na mmoja. Nikawahesabu kwa vidole,
vidole vikaniishia kwa mtoto wa Hilali
aliyezaliwa Machi, hajajua hata kujipindua.

Basi na mimi, hapa Ibra, nikaanza hesabu yangu.

Nilianza na daftari la falaji.
Karatasi zinanuka tende na mchwa,
na jina limo, kwa kafu yenye nukta zake mbili:
nusu saa ya maji, usiku wa Jumatatu.
Jina la nyota, alinambia Ami Mhenna,
ile izungukayo ncha ya mbingu isitue.
Nyumba kumi na mbili zilikuwa zetu.
Leo pana ukuta mmoja. Mlango uliuzwa Matrah,
umekuwa meza ya kahawa ya mtu.

Halafu jina likasafiri,
na safari haina adabu kwa herufi.
Tabora karani alilisikia kwa sikio moja.
Ujiji likavuliwa *al* kama viatu mlangoni.
Kigoma tawi zima likaliacha,
wakajiita Seleyum kwa babu yao,
mambo yakatulia, watoto wakapata shule.
Waliorudi Maskati miaka ya sabini
walipanga foleni, kila mmoja na mashahidi wawili;
dirisha la kwanza likaandika kwa Q,
la pili alikaa kijana wa Kibedui,
akaandika kwa G, kama anavyotamka mamake,
na Bibi Nunu, aliyetia dole gumba,
hakuandikwa kwa lolote ila wino.
Tangu hapo ami zangu wawili, tumbo moja ziwa moja,
hawarithiani bila wakili.

Ibra: wanne. Maskati na Sibu: thelathini,
tukiwasamehe wa G.
Mimi nimo. Wanangu hawamo,
wao wa baba yao, jina kubwa, limejaa kurasa.
Langu linanifikia kama maji mwisho wa mfereji:
linalowesha udongo, haliendi mbele.

Jumatatu nikaenda shambani kuiona nusu saa yetu.
Sikuwa nimekanyaga tangu mazishi ya baba.
Zamu siku hizi haingoji nyota, inafuata simu ya msimamizi.
Akapanda ukutani na tochi, akaita:
"Farqadi! Ya Farqadi!"

Nikafungua mdomo.

Akaitika mwingine.

Mwanamume mwembamba, kikoi kimekunjwa magotini.
Akazibua kwa kisigino, akaziba kule kwa gunia kuukuu,
maji yakageuka kama yanayomjua.
Shofikul, wa Noakhali. Mwaka wa tisa huu
anaitunza mitende yetu kumi na sita.
Sokoni anaitwa Farqadi. Gereji, Farqadi.
Duka la dawa limeandika deni lake hivyo.
Na kule kwao, akacheka, mwanawe wa darasa la tatu
wenzake wanamwita mwana wa Farqadi,
wanadhani ni cheo.

Nikamwandikia Rayya palepale: Ongeza.
Akajibu: Wangapi?
Kwa herufi gani?

Sijamjibu. Nusu saa haijesha,
na Farqadi ananambia nisogee,
nimesimama katika njia ya maji.